WALI WA NYANYA WA AFRIKA MAGHARIBI: UPIKE VIZURI, UUMALIZE UNGALI MOTO

Wengi wetu tuliuona wali huu katika filamu za Nigeria kabla ya kuuonja: sahani ya wali mwekundu, kipande cha kuku juu yake, na wageni wa harusi wakipakuliwa. Siku hizi wako wamama na vijana hapa kambini wanaoupika kwa ubatizo, harusi na sikukuu. Tunapopita nyumba kwa nyumba tunaulizwa maswali mawili. La kwanza: unapikwaje? La pili huulizwa kesho yake, tena kwa wasiwasi: kwa nini watoto walitapika baada ya karamu? Katika toleo hili tutajibu yote mawili, kwa sababu namna ya kupika na namna ya kujikinga haziachani.

WALI HUU UNATOKA WAPI?

Katika nchi nyingi za Afrika Magharibi huitwa jollof. Jina hilo limetokana na Jolof, dola la zamani la Wawolofu, lililokuwa katika nchi ambayo leo ni Senegal. Wasenegali wenyewe wana chakula chao kiitwacho ceebu jën, yaani wali wa samaki, ambacho kinahusishwa na wavuvi wa kisiwa cha Saint-Louis. Mwaka 2021 UNESCO ilikiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Kila nchi ina namna yake. Nigeria hupenda mchele mrefu ulioivishwa nusu kiwandani kabla ya kukobolewa, kwa sababu punje zake hazishikani. Ghana wengi hutumia mchele wenye harufu nzuri. Liberia huchanganya nyama na mboga ndani ya sufuria. Wanigeria na Waghana hubishana sana nani anaupika vizuri zaidi, kama sisi tunavyobishana juu ya ugali wa muhogo na ugali wa mahindi.

Usiuchanganye na pilau. Pilau hupata rangi na harufu yake kutoka kwenye vitunguu vilivyokaangwa, bizari, iliki na karafuu. Wali huu hupata rangi na ladha yake kutoka kwenye nyanya iliyokaangwa mpaka maji yake yameisha. Ukielewa jambo hilo moja, umeelewa nusu ya kazi.

VITU VINAVYOHITAJIKA (watu wazima 6)

- Mchele vikombe 3
- Nyanya mbivu kubwa 6
- Pilipili hoho nyekundu 2 (kama hakuna, ongeza nyanya 2)
- Vitunguu vikubwa 2
- Nyanya ya kopo vijiko 3 vya mezani
- Mafuta vijiko 6 vya mezani
- Tangawizi kipande kidogo na kitunguu saumu punje 3
- Unga wa kari kijiko 1 cha chai
- Taimu (majani madogo makavu ya kunukia) nusu kijiko cha chai, kama yanapatikana
- Chumvi kijiko 1 cha chai
- Kiungo cha mchemraba 1, si zaidi
- Pilipili kali 1, nzima, isiyopasuka
- Maji ya moto vikombe 3

Kama huna nyama wala kuku, usihuzunike. Nchini Nigeria kuna wali wa namna hii unaopikwa kwa mawese na samaki wakavu, na wapo pia wanaopika mchele na maharage pamoja katika mchuzi huo huo wa nyanya. Kwa hiyo dagaa, ndakala au maharage ya posho vinafaa kabisa. Maharage yachemshwe kwanza mpaka yaive, ndipo yaingie.

Neno moja juu ya nyanya ya kopo. Usinunue kopo lililovimba, lililotoboka au linalovuja, hata kama bei yake ni ndogo. Jihadhari pia na ile inayopimwa kwa kijiko sokoni kutoka kopo lililo wazi tangu asubuhi, juani, na nzi juu yake. Ni heri pakiti ndogo inayofunguliwa siku hiyo na kuisha siku hiyo.

NAMNA YA KUPIKA

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji. Osha nyanya na hoho kwa maji safi. Osha mchele mara mbili au tatu, uchuje maji.

2. Twanga au saga nyanya, hoho, tangawizi, kitunguu saumu na kitunguu kimoja. Weka katika sufuria bila mafuta, chemsha kwa dakika 10 mpaka 15 ili maji yapungue. Kisha uipue, weka pembeni.

3. Kata kitunguu cha pili vipande vyembamba, kikaange kwa mafuta mpaka kilainike. Usiache mafuta yatoe moshi. Mafuta ya msaada mara nyingi yameongezwa vitamini A, na moto mkali huiharibu.

4. Tia nyanya ya kopo. Ikaange kwa dakika 5 huku ukikoroga, mpaka rangi yake ikolee na ukali wake upungue. Watu wengi huruka hatua hii, ndiyo maana wali wao unakuwa mchachu.

5. Tia ile nyanya uliyochemsha. Endelea kukaanga kwa moto wa wastani dakika 15 hivi, mpaka uone mafuta yanaelea juu. Hiyo ndiyo alama ya kuwa mchuzi umeiva.

6. Tia unga wa kari, taimu, chumvi na mchemraba. Kama una dagaa waliooshwa au maharage yaliyoiva, tia sasa. Mimina maji ya moto. Kama mchele wako ni ule laini unaoiva upesi, anza na vikombe 2 na nusu. Weka pilipili nzima juu.

7. Mchuzi ukichemka, tia mchele, koroga mara moja tu, funika vizuri. Punguza moto uwe mdogo sana. Acha dakika 25 mpaka 30. Katikati geuza mara moja, chini kuja juu, kisha funika tena.

8. Onja punje. Kama bado ni ngumu, nyunyiza maji ya moto nusu kikombe, funika, subiri dakika 5. Ikiiva, toa ile pilipili, ondoa sufuria motoni, acha imefunikwa dakika 5 nyingine. Mvuke utamaliza kazi bila kuni.

MAMBO YANAYOWASHINDA WENGI

Wali ni bokoboko: maji yalikuwa mengi, au ulikoroga mara kwa mara. Wali ni mgumu: mchuzi ulikuwa mzito mno na mfuniko haukufunga, mvuke ukatoka. Weka sahani au jiwe safi juu ya mfuniko.

Wali umeungua chini: moto ulikuwa mkubwa. Hata hivyo ukoko si aibu. Senegal hukwanguliwa na kupakuliwa pamoja na wali, na Nigeria ile harufu ya moshi wa kuni ndiyo wanayoisifu katika wali wa sherehe. Ukoko wa kahawia ni mtamu. Uliokuwa mweusi kama mkaa, acha.

Kuhusu moshi, uwe kwenye harufu ya chakula tu, usiwe kwenye mapafu ya mtoto. Tumia kuni kavu zilizopasuliwa, pika mahali penye hewa, na usibebe mtoto mgongoni ukiwa motoni. Moshi wa jikoni huongeza hatari ya nimonia kwa watoto wadogo.

SASA TUONGEE JUU YA KUTAPIKA

Ndugu msomaji, wali una adui wake. Ni bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye huishi katika udongo na hupatikana kwenye mchele mkavu. Bakteria huyu hutengeneza mbegu ngumu ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiwa wa moto sana, mbegu hizo hutulia. Wali ukipoa na kukaa vuguvugu, mbegu huamka, bakteria huongezeka, na baadhi yao hutoa sumu.

Sikiliza vizuri sehemu hii: sumu inayoleta kutapika haiharibiki kwa kupasha moto. Mama anaweza kuchemsha tena wali wa jana mpaka utoe mvuke, na mtoto bado akatapika. Wali huo unaweza usiwe na harufu mbaya wala ladha mbaya. Kutapika huanza kati ya saa 1 na saa 6 baada ya kula. Kuhara huanza baadaye kidogo, kati ya saa 6 na saa 15. Watu wengi hudhani ni uchawi wa jirani au sumu ya mtu mwenye wivu, na wengine wamegombana kwa sababu hiyo. Mara nyingi jibu liko katika saa ambazo wali ulikaa.

Kanuni ni hii: wali uliopikwa usikae nje bila moto zaidi ya saa 2. Siku za joto kali, saa 1 inatosha kuleta hatari.

KWENYE KARAMU FANYENI HIVI

Hapa ndipo penye tatizo kubwa. Karamu nyingi wali hupikwa saa kumi na moja alfajiri, humiminwa kwenye ndoo au beseni, na wageni hula saa nane au tisa mchana baada ya ibada na hotuba. Hapo tayari ni zaidi ya saa 8.

Badala yake:

- Asubuhi andaeni mchuzi wa nyanya peke yake, ukae juu ya makaa ukiwa moto. Mchele usiguse maji mpaka wageni wakaribie. Kama chakula ni saa nane, mchele uingie sufuriani saa saba.
- Tumieni sufuria tatu za wastani kuliko moja kubwa. Ya pili iwekwe mchele wakati ya kwanza inapakuliwa.
- Wali ubaki katika sufuria yake, umefunikwa, na makaa kidogo chini. Usihamishiwe kwenye ndoo ya plastiki.
- Anayepakua atumie mwiko au kijiko, asitumie mkono. Mwenye kuhara au kutapika siku hiyo asiingie jikoni.
- Msifunge wali kwenye mfuko kwa ajili ya kesho. Mgonjwa au mzee aliyebaki nyumbani apelekewe mapema, ale wakati huo huo.

Tunajua ni vigumu kumwambia mtu amwage wali wakati posho haitoshi na mchele ni wa kununua. Ndiyo maana tunasema: pima kabla ya kupika. Mtu mzima mmoja ni nusu kikombe cha mchele mkavu, mtoto ni robo kikombe. Mchele mkavu uliobaki kwenye gunia ni akiba. Wali uliobaki mpaka kesho ni hatari.

WANAOHITAJI UANGALIZI

Wenye presha. Mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Sehemu kubwa ya kiungo cha mchemraba ni chumvi. Anayetia michemraba mitano na chumvi juu yake anampandishia presha baba yake bila kujua. Ladha itafuteni kwenye tangawizi, kitunguu na nyanya iliyokaangwa vizuri.

Wajawazito. Nyanya na hoho zina vitamini C, ambayo husaidia mwili kupokea madini ya chuma kutoka kwenye maharage na mboga za majani. Pakua wali pamoja na maharage na lengalenga au matembele. Chai inywewe baada ya saa moja hivi, kwa sababu inazuia chuma kuingia mwilini.

Watoto. Aliye chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu. Aliyefikisha miezi 6 apewe wali uliopondwa pamoja na maharage au dagaa waliosagwa, bila pilipili. Ndiyo sababu tumesema pilipili iwe nzima: ikipasuka, mtoto hawezi kula.

MTOTO AKITAPIKA AU KUHARA

Mpe maji ya ORS kidogo kidogo kwa kijiko, mara kwa mara. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata usiku, ukiona moja ya haya: anatapika kila kitu, hawezi kunywa, macho yameingia ndani, amelegea au haamki vizuri, anapata degedege, au kuna damu kwenye choo. Kuhara kwa maji mengi kama maji ya mchele kunaweza kuwa kipindupindu, hivyo usisubiri na usiseme ni wali tu. Mweleze muuguzi alikula nini, saa ngapi, na nani mwingine alikula.

Ndugu msomaji, chakula cha wageni ni heshima ya nyumba. Heshima hiyo itimie pale wageni wanapoamka kesho wakiwa wazima. Kabla ya karamu yako, mwite mhudumu wa afya wa kijiji chako akusaidie kupanga saa za kupika. Huduma hiyo ni bure.

Pika kwa kipimo, pakua kwa moto, maliza siku hiyo.