Taa ya nyumba ya uzazi usiku wa vita

Mwisho wa Januari 2025, vita ilipofika Goma, umeme na maji vilikatika pamoja. Tunakumbuka wote: bido mkononi kwenda ziwani, simu zimezimika. Lakini mimba hazingoji amani. Mdogo wangu alizalia kwenye mwanga wa simu ya mama mkwe wake, iliyobaki na chaji kidogo. Muganga alikuwa anamshona huku mkono wa bibi ukitetemeka. Mtoto yuko mzima, na ana kelele sana.

Juzi darasani nilieleza namna Waingereza walivyoanza kuishi gizani usiku, tangu tarehe 1 Septemba 1939. Mtoto mmoja akauliza: “Mwalimu, umeme wao pia ulikatika?” Hapana. Umeme ulikuwepo, walificha mwanga ili ndege za Wajerumani zisione miji. Hospitalini kazi iliendelea ndani, madirisha yamefunikwa vitambaa vyeusi. Kwenye milango walitundika mapazia mawili: unapita la kwanza, unalifunga nyuma yako, ndipo unafungua la pili. Barabarani magari yaligonga watu wengi kwa sababu ya giza lile.

Sisi giza hatukulichagua. Lakini usiku wa risasi nasi tunaogopa dirisha lenye taa, maana linasema: hapa kuna watu. Kwa hiyo yale mapazia mawili yanatufaa, na vitenge vizito tunavyo. Visikaribie moto tu. Nimeona buji imesimamishwa kando ya chandarua cha mzazi, nikakosa usingizi. Na jenereta isiwashwe ndani ya koridoo, hata kama tunaogopa wezi: moshi wake una sumu isiyo na harufu, inaua watu wakiwa wamelala. Ikae nje, mbali na madirisha.

Likelemba yetu inataka kununulia kituo cha afya sahani ya jua, betri na taa mbili. Nakubali, ila nina neno moja. Mahali fulani betri kama hiyo ilichajia simu za wakubwa mchana kutwa. Saa sita ya usiku mzazi alipofika, ilikuwa imekwisha. Kabla ya kutoa feza, tukubaliane na kituo kwamba betri ni ya chumba cha kuzalisha peke yake, na ufunguo wa sanduku lake ukae kwa muganga wa zamu ya usiku.