Nguo, Nasaba na Kiu ya Hadhi

Hadhi haifichwi sandukuni. Imo machoni pa watu, na anayeitaka hana budi kuionyesha: kwa nguo, kwa mahali anapokaa barazani, kwa namna anavyoitaja asili yake. Unguja na Pemba, baada ya amri ya mwaka 1897 ya Sultani Hamoud bin Mohammed kuhusu utumwa, zinalionyesha jambo hili kuliko nadharia nyingi.

Kabla ya hapo nguo ilikuwa cheti. Mtumwa alijulikana kwa merikani au kaniki, na kuvaa viatu au kofia mbele ya mabwana kulihesabiwa ufedhuli. Waliopata uhuru waliyachukua yale yale waliyonyimwa. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wanawake walivaa kanga, na baadaye buibui, ambalo barabarani lilimfanya mjukuu wa mjakazi asitofautike kwa urahisi na binti wa tajiri. Kibarua wa karafuu aliyenunua doti ya kanga huku paa lake likivuja angeweza kuitwa mbadhirifu. Lakini paa zima halikumwambia mtu sokoni kwamba mwenye nalo si mtumwa tena.

Wenye hadhi nao hawakai kimya. Alama ikishavaliwa na wengi hupungua thamani, na walio juu hutafuta nyingine. Mwaka 1899 Mmarekani Thorstein Veblen aliandika kuhusu matajiri wanaotumia mali ili waonekane wanaitumia. Alichokieleza kingetambuliwa mara moja na mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria harusi ya Pwani.

Maneno pia hugombewa. Muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, lakini wapagazi wa misafara, wengi wao watumwa au waliokuwa watumwa, walijiita waungwana walipofika bara. Ndiyo asili ya jina Kingwana, Kiswahili cha mashariki ya Kongo. Wakati huo huo, chini ya utawala wa Waomani, neno ustaarabu, lililojengwa juu ya jina la Mwarabu, lilikuwa likishindana na uungwana. Kilele cha ngazi kilikuwa kimehama.

Nguo na maneno huonekana na kusikika. Imani ya mtu kuhusu asili yake hubadilika polepole zaidi. Serikali ya Waingereza iliwahesabu watu kwa makabila na asili, na jina Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa. Kati ya sensa ya 1924 na ya 1931, idadi ya waliojiita Waswahili Zanzibar iliporomoka, huku wengi wakijitambulisha kwa majina mengine, likiwemo Washirazi. Kusema kwamba walidanganya ni kurahisisha mambo. Wazazi wa babu na bibi za mtu ni wanane, na anayetajwa zaidi ni yule mwenye sifa. Watoto waliokua wakisikia jina lake peke yake waliamini kwa moyo safi.

Bila nasaba ya kutaja, mtu aliweza bado kupanda cheo katika ngoma ya beni, iliyoshamiri Pwani na kuenea Tanganyika. Vyama vya Marini na Arinoti vilikuwa na wafalme na maofisa wa kila daraja, vikashindana kwa sare, gwaride na karamu. Baadhi ya wakoloni walishuku njama za uasi. Mara nyingi adui aliyekusudiwa alikuwa chama cha mtaa wa pili.