Lancia Delta Integrale: Kuitambua iliyo halisi, kuitunza na kuivusha mpaka

Lancia Delta HF Integrale, gari dogo la milango mitano lenye nguvu za mashindano, liliacha kutengenezwa Italia mwaka 1994, lakini biashara yake haijasimama. Magari hayo yanatoka Italia kwenda Ujerumani, Uswisi, Uingereza na Marekani, na baadhi ya yaliyouzwa Japani yakiwa mapya yamerudishwa Ulaya. Kadiri bei inavyopanda, ndivyo udanganyifu unavyoongezeka. Delta ya kawaida huvishwa bodi ya Integrale na kuuzwa kwa bei ya Integrale. Anayeumia ni mnunuzi aliyekwisha kulipa, pamoja na msafirishaji anayezuiwa mpakani kwa sababu namba za gari hazilingani na karatasi.

Kwa wakazi wa Afrika Mashariki jina hili si geni. Miki Biasion alishinda Safari Rally nchini Kenya akiwa na Delta Integrale mwaka 1988 na 1989, na Juha Kankkunen akafanya hivyo mwaka 1991. Lancia ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mara sita mfululizo, kuanzia 1987 hadi 1992.

Matoleo na alama zake

Delta ya kwanza ilitoka mwaka 1979. Mwaka 1986 ikaja HF 4WD yenye injini ya lita 2, turbo na nguvu za farasi 165, ikiendesha magurudumu yote manne. Yaliyofuata ni haya:

- Integrale ya vali 8 (1987): nguvu za farasi 185, matao ya magurudumu yaliyotanuliwa, rimu za inchi 15 zenye bolti 4.
- Integrale ya vali 16 (1989): nguvu za farasi 200, boneti iliyoinuka katikati.
- Evoluzione (1991): nguvu za farasi 210, matao mapana zaidi, rimu zenye bolti 5, na kipande cha kukata upepo juu ya mlango wa nyuma.
- Evoluzione ya pili (1993): nguvu za farasi 215, rimu za inchi 16.

Namba kwanza, rangi baadaye

Matao, boneti na rimu hununuliwa dukani, hivyo si ushahidi. Hatua ya kwanza ni kusoma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma, ambayo huanza na herufi ZLA na kufuatiwa na 831, na kuilinganisha na kibati cha kiwandani na kadi ya usajili. Chuma kilichokwanguliwa au chenye alama za kuchomelewa pembeni mwa namba ni sababu tosha ya kuacha biashara hiyo.

Hatua ya pili ni kuinua gari na kutazama chini. Integrale halisi ina propela inayokwenda nyuma na difu ya nyuma. Delta HF Turbo ya lita 1.6, ambayo mara nyingi ndiyo huvishwa, huendesha magurudumu ya mbele tu. Hatua ya tatu ni kuomba cheti cha asili kutoka kitengo cha magari ya kihistoria cha kampuni mama mjini Turin, kinachoonyesha gari lilivyotoka kiwandani. Tena, Integrale zote zilitengenezwa na usukani wa kushoto. Yenye usukani wa kulia imebadilishwa baadaye, na kazi hiyo ikaguliwe kwa makini.

Mahali panapoharibika

Kutu hujificha kwenye pembe za kioo cha mbele, chini ya kioo hicho, na kuzunguka dirisha la paa. Gari lililoendeshwa kwa fujo hupata nyufa kwenye bodi, hasa juu ya nguzo za mlango wa mbele na kwenye paa upande wa nyuma. Rangi mpya mahali hapo ni dalili ya kuuliza maswali.

Kwenye injini, jambo kubwa ni mkanda wa taimingi. Ukikatika, vali hugonga pistoni na injini hufa. Kama hakuna karatasi ya fundi inayothibitisha tarehe, mkanda ubadilishwe mara tu gari linaponunuliwa, pamoja na mkanda mdogo wa shafti za kupunguza mtikisiko. Moshi wa buluu unaweza kuonyesha turbo iliyochoka. Gia ya pili ikikwaruza wakati wa kuingia, giaboksi inahitaji matengenezo.

Oili ibadilishwe mapema, na baada ya safari ndefu injini iachwe ingurume taratibu kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa ili turbo ipoe. Tairi zote nne ziwe za aina moja na zimelika sawa. Zikitofautiana, mfumo wa kugawa nguvu katikati hupata joto na kuharibika.

Kwa wasafirishaji

Gari hili lisivutwe huku magurudumu mawili yakiwa hewani. Lipakiwe juu ya lori, magurudumu yote manne yakiwa juu, na mikanda ifungwe kwenye tairi.

Kabla gari halijaondoka Italia, lifutwe kwenye daftari la magari la nchi hiyo, PRA, kwa ajili ya kusafirishwa nje. Uingereza, tangu Januari 2021, inahitaji karatasi za forodha. Marekani inaruhusu magari yaliyotimiza miaka 25, hivyo Integrale zote sasa zinakubalika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 wala la usukani wa kushoto, isipokuwa ya kazi maalumu, kwa hiyo mteja wa huko asiahidiwe kitu.

Ukaguzi wa fundi anayelijua gari hili ufanyike kabla ya malipo ya awali. Muuzaji anayekataa gari lake lisiinuliwe amekwisha kujibu swali.