Furu Mdogo Mbele ya Sangara

Ndugu msomaji, ukinunua samaki sokoni Shinyanga au Geita, usiwatie chunguni upesi. Watazame kwanza. Sangara ana kinywa kipana, naye aweza kukaribia urefu wa meta 2 na uzito wa kilo 200. Furu wengi huenea kiganjani. Lakini ukubwa wa yule umebadili umbo la huyu mdogo.

Sangara si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliletwa katika miaka ya 1950. Kufika miaka ya 1980 alikuwa amejaa katika Ghuba ya Mwanza, yale maji yavukwayo kati ya Kigongo na Busisi kwenda Geita. Furu wa maji ya kina karibu wote wakatoweka. Tena ziwa lilichafuka, na hewa ya kupumua ikapungua majini. Katika miaka ya 1990 sangara walivuliwa kwa wingi, ndipo aina chache za furu zikaonekana tena.

Je, walirudi vile vile? Hapana. Mwaka 2008 wataalamu walitangaza vipimo vya aina moja ya furu wa ghuba hiyo. Matamvua yake yalikuwa yamepanuka 64 kwa mia. Kichwa na macho vilikuwa vimepungua, na shina la mkia limenenepa.

Sababu yake ni nini? Mdogo hamshindi mkubwa kwa mbio ndefu. Hupona kwa kuchomoka ghafula. Kichwa kidogo hupasua maji, na mkia wenye nguvu humsukuma. Lakini matamvua makubwa yataka nafasi. Nyumba ikiwa ndogo, lazima kitu kisogezwe: macho yakatoa nafasi.

Usidhani kila furu alijigeuza kwa kupenda. Yaelekea wasioweza kukimbia waliliwa, na waliopona wakazaa watoto wa mfano wao. Miaka kama 20 tu ilitosha.

Basi, ninyi mnaokaa kando ya ziwa, fikirini: wavu nao ni mlaji. Dagaa pia, tangu siku za sangara, hutaga mayai wakiwa wadogo kuliko zamani. Furu walirudi kwa sababu wachache walisalia. Kokoro, ambalo sheria imelikataza, hukumba wakubwa na wachanga pamoja. Likipita kila siku, nani atasalia azae kitoweo cha watoto wetu?