Kingamwili za Sungura na Kipande cha Uvimbe kutoka Babati

Mwanamke anapokatwa kipande kidogo cha uvimbe wa titi mjini Babati, ugonjwa wake huwa bado haujapata jina kamili. Hata ikithibitika kuwa ni saratani, hubaki swali jingine: je, seli zake zina protini ya HER2 kupita kiasi? Takriban wagonjwa 15 hadi 20 kati ya 100 wenye saratani ya matiti huwa nayo. Hao ndio wanaoweza kunufaika na dawa ya trastuzumab, iliyoingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Asiye nayo kwa wingi hafai kupewa dawa hiyo, kwani ni ghali na yaweza kudhuru moyo.

Jibu la swali hilo huweza kutokana na sungura. Mnyama huyo hudungwa sehemu ya protini ya binadamu mara kadhaa. Mwili wake huiona kuwa ngeni na kutengeneza kingamwili. Damu yake huchukuliwa, na kingamwili hizo hutenganishwa na kusafishwa. Kwa kuwa zimetoka katika koo nyingi za seli, kila kundi hushika sehemu yake ya protini. Ndiyo maana huitwa kingamwili za polikloni. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha kipimo cha HER2 kinachotumia kingamwili za namna hii.

Maabarani, kingamwili hizo humwagiwa juu ya utando mwembamba wa nyama ya uvimbe. Kingamwili ya pili, yenye kimeng'enya, huzifuata na kuacha rangi ya kahawia pale protini ilipo. Mtaalamu wa patholojia hutoa alama kuanzia 0 hadi 3+. Alama ya 2+ ni ya mashaka, hivyo huhitaji kipimo cha jeni. Kwa kuwa kingamwili za polikloni hutofautiana kati ya sungura na sungura, na nyingine hushika kisicholengwa, vipande vya ulinganisho ambavyo majibu yake yanajulikana hupimwa sambamba.

Hata hivyo, hakuna kingamwili iwezayo kusahihisha nyama iliyoharibika njiani. Mhudumu wa afya aitie ndani ya fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, kabla ya saa moja kupita. Fomalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wa nyama, nayo nyama ikae humo kwa saa 6 hadi 72. Muda wa kukata na wa kutia uandikwe. Nyama isisafirishwe katika maji ya chumvi wala spiriti.

Naye mgonjwa atambue kwamba jibu la "HER2 hasi" halimaanishi kuwa hana saratani. Humaanisha kuwa tiba yake itafuata njia nyingine. Aombe nakala ya majibu, aitunze, na aende nayo kila anapomwona daktari.