Safina Kwenye Kitabu cha Hesabu

Jamaa zetu wa Tanga wakisikia kwamba tunaishi Houston na watoto hawaendi shule, hukisia mambo mawili: ama tumekosa ada, ama tumekosa karatasi. Shangazi yangu alinipigia simu akaniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba majirani wa Texas wangemsikia: "Mwanangu, hebu niambie kweli, huyo mtoto ana nini hata mkamficha ndani?" Nikamwambia hana kitu, shangazi, anasoma, mimi ndiye mwalimu wake. Akanyamaza, kisha akaniombea dua.

Hapa nako wana dhana zao. Ukimwambia mtu wa mtaani kwetu kuwa unafunza watoto nyumbani, atakuuliza unasali kanisa gani. Ukimjibu kwamba vitabu mnavyotumia si vya dini, anageukia upande wa pili papo hapo: basi hawa hawana Mungu. Na ananiambia hivyo nikiwa nimejifunga ushungi. Haimwingii akilini kwamba mtu anaweza kuswali swala tano na bado asitake mwandishi asiyemjua amfundishie mwanawe dini katikati ya somo la kujumlisha. Wazazi wa namna yangu wapo wengi, wenye dini na wasio nayo, na tumekuwa jamii yenye desturi zake. Nyingine nimezipenda mno, na naona zinaondoka.

Kilichochanganya mambo ni historia. John Holt, mwalimu aliyechapisha mwaka 1964 kitabu juu ya namna watoto wanavyofeli, mwishowe alikata tamaa na shule kabisa, na mwaka 1977 akaanzisha jarida dogo la wazazi waliowatoa watoto wao darasani. Hakuwa akihubiri dini yoyote. Ila miaka ya 1980 Wakristo wahafidhina waliingia kwa wingi, nao walikuja na vitu viwili ambavyo wenzao hawakuwa navyo: mawakili na mitambo ya kuchapia. Chama chao cha kisheria, HSLDA, kiliundwa mwaka 1983. Abeka ya Pensacola, Florida, ilikuwa ikichapa vitabu vya shule za Kikristo tangu 1972, ikaanza kuwauzia na wazazi. Kufikia 1993 kufunza nyumbani kulikuwa halali katika majimbo yote 50. Tuwape haki yao: bila ubishi wa watu hao mahakamani, wengi wetu tungekuwa tunajificha kweli, kama shangazi anavyodhani.

Lakini kila ushindi una bei yake, na bei ya huu ilikuwa rafu ya vitabu. Kwa miaka mingi mzazi aliyetafuta sayansi ya darasa la pili alikuta vitabu vinavyomwambia kuwa dunia ina umri wa miaka elfu chache. Watu wa nje bado wanaiona rafu hiyo tu. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2016 ulipowauliza wazazi sababu yao kuu, asilimia 16 walitaja mafundisho ya dini. Asilimia 34 walitaja mazingira ya shule. Kisha ikaja UVIKO-19. Kati ya majira ya kuchipua na ya vuli ya 2020 kaya zinazofunza nyumbani zilipanda kutoka asilimia 5.4 hadi 11.1, na kaya za Wamarekani Weusi kutoka 3.3 hadi 16.1. Hao hawakufuata kanisa. Wengi walikuwa wamekaa karibu na mtoto, wakasikia kwenye kompyuta jinsi anavyofundishwa, wakasema hapana.

Sasa nieleze tunavyokipima kitabu, maana hapo ndipo ustadi ulipo. Mzazi mkongwe akishika kitabu cha sayansi asichokijua, haanzi na ukurasa wa kwanza. Anafungua nyuma, kwenye faharasa, anatafuta mageuko ya viumbe, visukuku, umri wa dunia. Akikuta miaka bilioni 4.5, anavuta kiti. Akikuta miaka elfu sita, anakirudisha mezani bila neno. Shida ni pale asipokuta kitu. Kuna wachapishaji wanaotaka kuuza pande zote mbili, hivyo wameondoa kila linaloweza kumkera mnunuzi. Dinosaria waliishi "zamani sana", nukta, tunaenda kwenye vipepeo. Vitabu hivyo hujitangaza kuwa haviegemei upande, na hakuna jambo lililovunja urafiki mwingi katika kundi letu kama hilo. Wapo wanaosema mtoto wa miaka sita hahitaji zaidi. Mimi niko na wakali: ukificha jibu ili biashara isiharibike, umekwisha kuegemea. Mtoto akiuliza zamani sana ni lini, apewe namba. Miaka milioni 66 ni namba tamu mno kwa mtoto wa miaka saba. Wangu aliizunguka nayo nyumba nzima.

Ugomvi mwingine wa kudumu ni juu ya Story of the World, historia ya dunia ya Susan Wise Bauer, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2001. Inasimulia vizuri, haina mshindani kwa watoto wadogo, na ndani yake Ibrahimu na Musa wamepangwa pamoja na wafalme wa Misri na Mesopotamia. Wengine wanairuka milango hiyo. Wengine wanaisoma na kumwambia mtoto: haya ndiyo wanayoyaamini watu fulani. Wengine hawataki kitabu chenyewe kiingie nyumbani. Mimi nimo kati ya wanaosoma, na hapa ndipo wenzangu wasioamini huniangalia kwa mshangao, maana Nuhu, Ibrahimu na Musa ni manabii wangu pia. Ndiyo sababu hasa sitaki kitabu cha hesabu kinachomhesabisha mtoto wanyama wa safina wawili wawili. Safina nitamsimulia mwenyewe, kwa Kiswahili, baada ya Magharibi, jinsi nilivyosimuliwa. Nikikuta mtu ameshaisimulia kwa namna yake, nina kazi mara mbili: kufuta, kisha kuandika.

Desturi ninayoipenda kuliko zote ni soko la vitabu vilivyotumika, linalofanyika mwaka wa masomo unapoisha, kabla joto la Houston halijafunga watu ndani. Tunaazima chumba cha mikutano cha maktaba ya mtaa, au mtu anatoa sebule yake. Vitabu vinapangwa kwa masomo, si kwa madarasa, kwa sababu mtoto wa kwetu anaweza kuwa darasa la tatu kwenye hesabu na la kwanza kwenye kusoma bila mtu kuona ajabu. Mimi hupeleka kachori. Kuna sheria zisizoandikwa. Huuzi kitabu bila kusema kilimfanya nini mtoto wako. Husifu kitabu ambacho hujakitumia, hata kama umesikia kinasifiwa kote. Na mtoto atakayekitumia analetwa, anapewa ukurasa mmoja, watu wazima wanamwangalia pembeni: anainama juu ya kitabu, au anateleza taratibu kwenye kiti hadi chini ya meza?

Vitabu vyenyewe vina maneno ya penseli pembezoni, ya mama waliotangulia. "Ruka hili." "Tumia maharage, si picha." "Alilia hapa, tukapumzika wiki." Nina kitabu cha kuhesabu cha Singapore kilichopita mikononi mwa familia kadhaa, na mashauri hayo yamenifaa kuliko mwongozo wa mwalimu unaouzwa nacho. Hakuna duka linalouza hiyo penseli.

Mzazi mgeni hufika sokoni na jedwali kwenye simu: masomo tisa, vitabu kumi na vinne, mtoto wa chekechea. Wakongwe huwa hawamcheki mbele yake. Wanamkalisha na kumwambia mambo ambayo watakuwa wamewaambia wengine wengi: kuanzia chekechea hadi darasa la tatu, nunua njia moja nzuri ya kusoma na njia moja nzuri ya hesabu. Mengine ni kadi ya maktaba, kutembea nje, na kumsomea mtoto kwa sauti mpaka koo likauke. Ndiyo, sayansi na historia zimo, lakini zinaingilia huko huko kwenye kusomewa.

Kwa sisi tuliojifunza kusoma kwa ba-be-bi-bo-bu, hilo la kusoma lilikuwa mshtuko. Nilidhani mtoto akijua irabu tano amemaliza. Kiingereza kina sauti zipatazo 44 na herufi 26 za kuzibeba, na maandishi ya karne zilizopita hayakufuata matamshi yalipobadilika. Basi unahitaji mpango kweli: sauti moja kwa wakati, hatua kwa hatua, kusikia na kuona na kuandika kwa pamoja, kwa njia iliyotungwa na daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham kwa watoto waliokuwa wakitatizwa na kusoma. All About Reading imejengwa juu ya njia hiyo na ndiyo niliyoitumia. Wakati huo huo mwanangu alijifunza kusoma Kiswahili pembeni, bila mtaala wowote, akanilaumu kwa nini Waingereza wasiandike kama sisi.

Kwenye hesabu tulikuwa mbele. RightStart, mtaala unaopendwa na wengi wetu, huwataka watoto wa Kimarekani waache kwanza "eleven" na "twelve" wahesabu "kumi-moja, kumi-mbili", kwa kuiga lugha za Asia ya Mashariki, ili waone makumi na mamoja. Wangu alishangaa watu wanalipia jambo hilo. Tulijikwaa tu tulipofika ishirini, ambako Kiswahili nacho kinaficha makumi yake.

Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923, ametuachia masomo mafupi, vitabu vyenye uhai, na desturi ya mtoto kusimulia upya alichosikia kwa maneno yake. Alikuwa muumini thabiti wa Kianglikana. Wazazi wasio wa kanisa wamechukua njia yake na kuacha imani yake, na mitaala kama Build Your Library imejengwa hivyo. Bibi yangu hakumjua, lakini hakuna hadithi aliyotupa ambayo hakuidai irudishwe kesho yake, na ole wako usahau wimbo wake.

Sheria sitapoteza muda nazo. Texas inadai kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema, na haiombi umwarifu mtu. Majimbo mengine yanadai makabrasha. Na kwa wanaouliza kama watoto watapata wenzao wa kucheza nao: njooni bustanini siku ya Jumatano, muwatenganishe kama mtaweza.

Kinachoniuma ni hili la sasa. Wazazi walioingia baada ya 2020 wengi hawaji sokoni. Wananunua programu moja ya masomo yote, mtoto anakaa mbele ya kioo, samaki anacheza dansi akipata jibu, na jioni mzazi anapokea ripoti yenye rangi. Inanikumbusha ACE, mtaala wa Kikristo unaotumiwa na ndugu zetu wengi wanaofunza nyumbani Nairobi, ambapo mtoto hujaza vijitabu peke yake, kimoja baada ya kingine. Huko angalau kuna karatasi. Siwalaumu wanaofanya kazi mbili. Ila hawa hawajachagua mtaala. Wamejiandikisha. Hawajui kitabu kinasema nini kuhusu umri wa dunia, kwa sababu hawajakifungua nyuma. Nyingi za programu hizo ni za kundi la "zamani sana", na hakuna mama aliyeacha penseli ndani yake.

Juu ya hayo pesa za serikali zimefika. Arizona ilifungua akaunti za elimu kwa kila mtoto mwaka 2022. Texas ilipitisha yake mwaka 2025, dola bilioni 1, na mtoto anayefunzwa nyumbani anaweza kupata hadi dola 2,000 kwa mwaka. Pesa hizo mzazi hapewi mkononi. Zinapita kwa wauzaji walioidhinishwa. Mama mwenye sanduku la vitabu chakavu sebuleni hatakuwa mmoja wao. Na mwenye kuidhinisha wauzaji leo ataidhinisha vitabu kesho, katika jimbo ambalo bodi yake ya elimu imeshapitisha masomo ya kusoma ya shule za msingi yenye visa vya Biblia. Tuliotoka shuleni ili tuchague wenyewe, sasa tuombe ruhusa ya kununua?

Mume wangu haoni hivyo. Anasema kodi ni yetu, watoto ni wetu, na dola 2,000 ni darubini ya kuangalia vidudu, masomo ya kuogelea, na RightStart mpya yenye kurasa zote. "Mama watoto," ananiambia, "wewe unawapigania watu wa soko lako, si watoto." Namjibu kwamba darubini maktaba inaazimisha. Fomu bado iko wazi kwenye kompyuta yake, ameshajaza majina ya watoto, na kila nikipita hapo namwomba asiibonyeze mpaka tumalize kubishana.