Kisu cha Tabibu na Sahani ya Nyumbani

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia kuu ya Nakuru, akifika pande za Gilgil, hukuta mahali paitwapo Kikopey, ambapo moshi wa nyama ya mbuzi hupanda kandokando ya barabara mchana kutwa, na madereva, maafisa na jamaa nzima nzima husimamisha magari wapate kula kabla ya kuendelea na safari. Karibu na hapo, katika miinuko itazamayo ziwa Elmenteita, pako Kariandusi, ambapo mwishoni mwa miaka ya 1920 Louis Leakey alivumbua mashoka ya mawe ya watu wa kale, mengine yamechongwa kwa jiwe jeusi la volkano, ambayo wataalamu hudhani yalitumika kuchunia na kukatia wanyama. Ni nchi, basi, ambayo binadamu amegawana nyama tangu zama zisizokumbukwa. Na hata leo, katika nyumba za Kariandusi, heshima ya mgeni hupimwa kwa alicholishwa, na mapenzi ya mama hupimwa kwa alichopakua.

Katika nchi ya namna hiyo, mtu arejeaye kwao baada ya kupasuliwa ili apungue uzito hukabiliwa na jambo ambalo daktari mpasuaji hawezi kumfanyia. Kisu kimekwisha kupunguza mfuko wake wa chakula kwa muda wa saa chache. Walakini mkono wake upelekao tonge kinywani, na mikono mingine yote imwongezeayo chakula sahanini, haikupasuliwa. Muradi wa makala haya ni kueleza kilichobadilika ndani ya mwili huo, namna ulaji unavyorudishwa daraja kwa daraja, na kwa nini kupona kwake ni kazi ya nyumba nzima wala si ya mgonjwa peke yake.

Unene uliopita kiasi umekuwa maradhi ya watu wengi kuliko tunavyopenda kukiri. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 juu ya maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kuwa takriban asilimia 27 ya watu wazima wa Kenya walikuwa na uzito uliozidi au unene, na kwamba wanawake walikuwa katika hali hiyo zaidi ya mara mbili kuliko wanaume. Si kila mmoja wao astahiliye kisu. Matabibu hugawanya kilo za mtu kwa mraba wa urefu wake wa mita, na kanuni iliyotolewa Marekani mwaka 1991, ambayo nchi nyingi ziliifuata, iliruhusu upasuaji kwa aliyefikia 40, au 35 akiwa tayari ana maradhi yaletwayo na unene, kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hiyo vikashusha kiwango hadi 35 bila sharti la maradhi. Kwa mtu wa urefu wa mita 1.60, kiwango cha 35 ni takriban kilo 90, na cha 40 ni takriban kilo 102.

Namna za upasuaji ni nyingi, ila mbili ndizo zilizoenea. Katika ya kwanza, robo tatu ya mfuko wa chakula, au zaidi kidogo, hukatwa na kuondolewa kabisa, ukabaki mrija mwembamba wa umbo la ndizi. Na kwa kuwa sehemu iliyoondolewa ndiyo itoayo kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, mgonjwa hushangaa kuona kwamba hamu yenyewe imepungua, wala si nafasi tu. Katika ya pili, ambayo Edward Mason na mwenzake Chikashi Ito waliianzisha katika Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1966, daktari hutenga sehemu ya juu ya mfuko iwezayo kubeba mililita 30 hivi, kisha huiunganisha na utumbo mwembamba mbele zaidi, hata chakula kikaruka sehemu ya kwanza ya utumbo ambamo madini mengi hufyonzwa. Siku hizi zote mbili aghalabu hufanywa kwa matundu madogo, kamera ikiingizwa tumboni. Mtu wa Kariandusi atakaye huduma hiyo kwa kawaida huelekea hospitali kubwa za Nairobi, na gharama yake huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi. Huko Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza mwaka 2022 kuwawekea watu puto ndani ya mfuko wa chakula, njia isiyokata kitu, ingawa puto hilo hutolewa baada ya miezi kadhaa, na tabia ya ulaji ikiwa haijageuka, uzito hurejea.

Siku za mwanzo baada ya kisu si siku za kufikiria mizani. Mgonjwa huinuliwa kitandani atembee siku ile ile au inayofuata, kwa kuwa damu ya mtu alalaye tu huweza kuganda miguuni na donge lake likasafiri hadi mapafuni. Akisharuhusiwa kwenda nyumbani, asibebe mtungi wa maji wala gunia la viazi kwa muda wa wiki nne hadi sita, na akae chonjo kwa dalili zisizongoja asubuhi: homa, moyo kwenda mbio hali amekaa, maumivu ya tumbo yazidiyo badala ya kupungua, maumivu ya bega yasiyo na sababu, kukosa pumzi, mguu mmoja kuvimba, au kutapika kusikokoma. Baadhi ya hizo huonyesha kwamba mahali palipounganishwa au kushonwa panavuja, na uvujaji huo huua usipotibiwa upesi. Kwa mtu akaaye mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kutoka kwa daktari aliyempasua, ni hekima kupanga mapema nani atampeleka Gilgil au Nakuru usiku wa manane, na kwa gari la nani.

Kisha huja chakula, nacho hurudi kwa utaratibu ambao kila hospitali huupanga kwa namna yake, lakini njia ni moja. Kwa siku moja au mbili ni maji na vinywaji vyepesi visivyo na mafuta, kama supu iliyochujwa ya mifupa au kuku, kwa mafunda madogo. Wiki mbili zinazofuata huongezwa vinywaji vizito zaidi: maziwa yaliyopunguzwa mafuta, maziwa lala, uji mwepesi wa wimbi usio na sukari, supu ya ndengu iliyosagwa ikachujwa. Yapata wiki ya tatu na ya nne, chakula husagwa hadi kisiwe na chembe: maharagwe, samaki asiye na miba, yai laini lililopondwa, malenge, parachichi kidogo. Wiki ya tano na ya sita ni zamu ya vyakula laini vipondekavyo kwa uma. Na baada ya hapo, aghalabu kwenye wiki ya nane, mgonjwa hurejea polepole kwenye sufuria ya jamaa. Anayeruka daraja moja kwa kuwa amejisikia mzima hukitia mashakani kidonda ambacho hakioni.

Kurejea kwenye sufuria ya jamaa hakumaanishi kurejea kwenye desturi ya zamani. Mlo mzima sasa huweza kutosha katika kikombe kidogo, nao huliwa kwa muda wa dakika 20 au 30, kila tonge likitafunwa hata likawa uji mdomoni. Maji hayanywewi pamoja na chakula, bali nusu saa baadaye. Na kwa kuwa mfuko haupokei tena bilauri nzima kwa mkupuo mmoja, lita moja na nusu ya siku yapasa igawanywe katika mafunda tangu alfajiri hadi usiku, jambo lisilo rahisi kwa mtu ashindaye shambani katika jua na upepo mkavu wa Bonde la Ufa. Kukaukiwa maji mwilini ni miongoni mwa sababu kuu zinazowarudisha wagonjwa hospitalini katika wiki za kwanza.

Sahanini, protini hutangulia. Wataalamu wa lishe hutaka angalau gramu 60 kwa siku, ili mwili unapoyeyusha mafuta usile na misuli yake wenyewe. Yai moja lina takriban gramu 6, bilauri ya maziwa gramu 8, na kipande cha samaki au kuku cha gramu 100 hukaribia gramu 25. Kwa hivyo anayeanza na ugali hushiba kabla ya kufikia kile alichokihitaji. Ugali mgumu, chapati, mkate mweupe na wali uliokauka huwa na tabia ya kukwama na kuumiza kifua, na mahindi ya githeri yenye maganda magumu huwasumbua wengi kwa miezi. Hata nyama ya Kikopey haikuharamishwa daima: baada ya miezi, vipande vichache vya nyama laini, visivyokaushwa na moto, huweza kuliwa kwa subira. Kilichokwisha ni ile kilo ya kuagizwa na kumalizwa.

Sukari ni hadhari ya pekee. Kwa aliyeunganishwa utumbo, chai yenye vijiko vinne vya sukari pamoja na maandazi mawili hushuka kwa kasi ndani ya utumbo, na dakika 10 hadi 30 baadaye mtu hutokwa na jasho, moyo humpiga, tumbo humkata, akaharisha au akatamani kulala; wengine hupatwa saa moja hadi tatu baada ya kula, sukari ya damu ikishuka mno hata wakatetemeka. Pombe nayo huingia katika damu upesi zaidi kuliko zamani, na kiasi kidogo hulewesha. Fauka ya hayo, mtu wa kisukari au wa shinikizo la damu asiendelee kumeza dawa zake kwa kipimo cha zamani pasipo kuonana na daktari, kwa kuwa damu yake huanza kubadilika katika siku chache za mwanzo, kabla hata nguo hazijalegea.

Vidonge vya vitamini na madini si nyongeza ya matajiri, bali ni sharti la maisha yote: vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D na nyinginezo kadiri daktari aonavyo. Chuma na kalsiamu zisimezwe pamoja, bali ziachane saa mbili au zaidi. Na chuma kisishushiwe kwa chai, maana chai hukizuia kufyonzwa. Anayetapika siku nyingi mfululizo huweza kuishiwa vitamini B1 na kudhurika ubongo, hivyo kutapika kusidharauliwe. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na aspirini zisinunuliwe dukani bila idhini ya daktari, kwa kuwa huweza kuleta vidonda pale palipounganishwa. Nywele hunyonyoka kwa wengi kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kisha huota tena lishe ikiwa njema. Mwanamke hushauriwa asichukue mimba kabla ya mwaka mmoja au mwaka na nusu kupita, na akumbuke kwamba kupungua uzito mara nyingi huirejesha rutuba iliyokuwa imefifia.

Hayo yote ni ya mwili, na mwili hufundishika. Ugumu ulioko ni wa baraza. Katika nchi yetu, wembamba wa ghafla haujapata kusomwa kuwa siha. Tangu miaka ya ukimwi, mtu akonde kidogo tu na majirani wameanza kunong'ona. Huyu aliyepungua kilo 20 kwa miezi mitatu huulizwa kanisani, sokoni na kwenye matatu kama anaumwa. Shangazi yake humwambia, "Kula, mwanangu, umekwisha". Na kwenye matanga au harusi, kuacha chakula sahanini hufasiriwa kuwa kiburi au chuki kwa aliyepika. Wengine humwona mvivu aliyenunua njia ya mkato, ilhali yeye anayejipimia kila tonge anajua kwamba hakuna mkato wowote. Akijibu kwa ufupi kwamba alifanyiwa upasuaji wa tumbo na daktari amempimia chakula, hakudanganya wala hakulazimika kusimulia siri zake. Lakini mume, mke au mama wa nyumba hiyo anapokuwa wa kwanza kumtetea mbele ya wageni, mzigo hupungua nusu.

Nusu ya pili ya kazi huanza pale watu wanapodhani imekwisha. Uzito aghalabu hufika chini kabisa kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu, kisha njaa huanza kurudi, na mfuko mdogo hugeuka kuwa rahisi kudanganywa. Haujazwi tena na sinia la pilau, lakini soda, maji ya matunda, biskuti na viazi vya kukaanga hupita ndani yake kidogo kidogo kutwa nzima, na haba na haba hujaza kibaba. Aliyekuwa akila ili kutuliza huzuni atakuta huzuni ingalipo, na huyo anahitaji msikilizaji mwenye maarifa kama alivyohitaji mpasuaji. Ndiyo maana kliniki za upasuaji huu huwaita wagonjwa mara kadhaa mwaka wa kwanza, na baadaye kila mwaka, wapimwe damu na kuzungumza na mtaalamu wa lishe. Na vipimo vingi vya damu huweza kufanyika Nakuru, majibu yakapelekwa kwa daktari wa Nairobi.

Kwa kuwa madaktari huhama na mafaili hupotea, mgonjwa na aombe karatasi iliyoandikwa waziwazi jina la upasuaji aliofanyiwa, tarehe yake, dawa asizopaswa kupewa na vitamini anazotumia, aiweke pamoja na kitambulisho chake, na walau watu wawili wa nyumbani wajue ilipo. Miaka 10 baadaye, tumbo likimshika usiku, tabibu kijana wa zamu ambaye hajapata kumwona ataisoma karatasi hiyo kabla ya kuandika dawa yoyote.